Kabla Hujamuuliza: Mwongozo Kamili wa Kutafiti Ukatili wa Wenza Bila Kumwongezea Mwanamke Hatari

Mtafiti anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza bei ya mkaa akikosea, anaharibu takwimu zake. Anayeuliza kama mume anapiga akikosea, kuna mtu anaweza kulala na jeraha usiku huohuo. Ndiyo maana utafiti wa namna hii una taratibu zake za pekee. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizichapisha kama mapendekezo ya maadili na usalama, na hadi leo ndizo zinazofuatwa na watafiti makini. Msingi wake ni mmoja: usalama wa anayeulizwa unatangulia takwimu. Viwili hivyo vikigongana, takwimu ndizo ziachwe.

Nimeandika mwongozo huu kwa wanafunzi wa vyuo, maofisa ustawi wa jamii na mashirika ya mitaani yanayotaka kujua ukubwa wa tatizo, au kupima kama mradi wao unasaidia. Nimeuegemeza Tanzania, ninakofundisha wahojaji. Aliye Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi na fomu. Mengine yatabaki yalivyo.

Hatua ya 1: Jiulize kama kweli unahitaji kuuliza

Wengi huanza na swali ambalo lilishajibiwa. Kama unataka tu kujua iwapo wanawake wanapigwa majumbani, jibu lipo. Kati ya 2001 na 2002 watafiti wa Tanzania walishiriki katika utafiti wa WHO uliofanyika nchi 10 na kuwafikia wanawake zaidi ya 24,000. Jijini Dar es Salaam, wanawake 41 kati ya kila 100 waliowahi kuwa na mwenza walisema wamewahi kufanyiwa naye ukatili wa kipigo au wa kingono. Mbeya walikuwa 56. Baadaye, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15, na asilimia 17 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Katika utafiti huohuo, asilimia 58 ya wanawake walikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu angalau moja, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40.

Kwa takwimu hizo, kwenda kata moja na dodoso la wanawake 60 ili kuthibitisha kuwa ukatili upo ni kuwachokonoa watu vidonda bure. Tafuta swali ambalo halijajibiwa. Kwa nini waliofika dawati la jinsia la polisi hawafiki mahakamani? Mwanamke humwambia nani kwanza, na huyo aliyeambiwa hufanya nini? Vikundi vya kuweka na kukopa vinapunguza ugomvi wa matumizi au vinauongeza? Maswali kama haya mara nyingi yanajibika bila kumuuliza mwanamke habari za kitandani kwake. Unaweza kuwahoji wauguzi, polisi, wajumbe wa mtaa na viongozi wa dini. Unaweza pia kukaa na kundi la wanawake ukawapa kisa cha kubuni cha "Mama Fulani aliyepigwa na mumewe", kisha ukauliza: angeenda wapi? Nani angemsikiliza? Watakueleza mengi sana kuhusu mtaa wao, na hakuna atakayelazimika kujitaja. Katika kikao cha kundi, usimwombe yeyote asimulie yaliyompata yeye. Akianza mwenyewe, mpokee kwa upole, kisha mtafutie nafasi ya peke yake baada ya kikao.

Hatua ya 2: Vibali, na jina la utafiti

Vibali vya maadili ya tafiti za afya Tanzania Bara vinapitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya, na Kenya watu hupitia NACOSTI. Kisha barua zinashuka: mkoa, halmashauri, kata, mtaa au kijiji.

Hapo kwenye barua ndipo wengi hujikwaa. Barua iliyoandikwa "Utafiti wa ukatili wa wanaume dhidi ya wake zao" itasomwa kwenye mkutano wa mtaa, na jioni kila mume atajua mkewe anakuja kuulizwa nini. Jina la hadharani liwe pana, kwa mfano "Utafiti wa Afya na Maisha ya Wanawake". Watafiti wa WHO walifanya hivyo, na hawakumdanganya mtu, maana dodoso kweli linaanza na afya, uzazi na watoto. Kamati ya maadili inajua kila kitu. Mwanamke mwenyewe anaambiwa kila kitu akiwa peke yake, kabla hajakubali. Waliobaki katikati, kuanzia mtendaji hadi jirani, wanalijua jina pana basi.

Kwenye kila kaya, hoji mwanamke mmoja tu, anayechaguliwa kwa kura. Ukihoji wawili, mke na wifi yake kwa mfano, wataulizana, na siri imekwisha. Kwa sababu hiyohiyo, usihoji wanaume na wanawake wa eneo moja kuhusu ukatili. Wanaume ni muhimu kuwahoji, ila watoke mtaa mwingine.

Hatua ya 3: Andaa msaada kabla ya dodoso

Hatua hii mara nyingi huwekwa mwishoni mwa andiko, kwenye sentensi moja inayosema "washiriki watakaohitaji watapewa rufaa". Rufaa kwenda wapi? Kabla hujaandika hata swali moja, ipite njia hiyo kwa miguu yako mwenyewe.

Nenda dawati la jinsia na watoto la kituo cha polisi cha karibu. Uliza Jumamosi usiku yuko nani. Angalia kama kuna chumba, au mtu atasimulia kaunta mbele ya waliokuja kuchukua fomu za simu zilizopotea. Uliza jinsi PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inavyotolewa, na kama kuna mtu anaombwa hela ya karatasi. Nenda hospitali, hasa yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tiba, polisi, ustawi wa jamii na ushauri viko chini ya paa moja. Hakikisha wahudumu wanajua kuwa majeruhi wa dharura hatibiwi baada ya fomu, anatibiwa kwanza. Uliza kama dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zipo leo, maana zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 tangu kubakwa, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Tafuta pia wasaidizi wa kisheria, na ofisa ustawi wa jamii wa kata awe anakujua kwa sura.

Piga mwenyewe kila namba ya simu utakayoichapisha. Tanzania namba 116 hupokea taarifa za watoto; Kenya 1195 hupokea za ukatili wa kijinsia. Namba za ofisi za mitaani hubadilika bila taarifa, na mtu aliyejikaza kupiga akaambiwa "namba unayopiga haipatikani" huenda asijaribu tena.

Orodha ya huduma ichapwe kwenye kikadi kidogo kinachoingia kwenye pochi au kwenye pindo la khanga, na huduma za ukatili zichanganywe na nyingine: chanjo, kliniki ya wajawazito, malaria, bima ya afya. Mume akikiokota, aone kikaratasi cha afya tu. Wape kikadi hicho wanawake wote, hata waliosema hawajawahi kuguswa. Wapo watakaosema "hapana" leo, wakakitafuta baada ya miezi mitatu.

Na kwenye bajeti weka nauli. Ukimwelekeza mtu asiye na shilingi mkononi aende hospitali ya wilaya, hujamsaidia. Kama eneo lako halina huduma yoyote inayofikika, hutakiwi kuhoji manusura hapo mpaka uwe umepanga jinsi ya kuileta, hata kwa kumlipa mshauri afuatane na timu.

Hatua ya 4: Dodoso

Usiulize "Je, umewahi kufanyiwa ukatili?" Swali hilo hupunguza takwimu kuliko kosa lolote lingine ninalolijua. Kuna mwanamke aliyevunjwa mkono ambaye atajibu "hapana", kwa kuwa kwake ukatili ni ule wa kwenye redio, na cha nyumbani ni "tulipishana kauli". Mwingine anaona aliadhibiwa kwa kosa alilofanya. Uliza kitendo. Maswali yaliyotumika kwenye utafiti wa WHO, na yanayofanana nayo kwenye tafiti za kitaifa, yanakwenda hivi:

Mume au mwenza wako amewahi kukupiga kofi, au kukurushia kitu ambacho kingeweza kukuumiza? Amewahi kukusukuma au kukuvuta nywele? Kukupiga ngumi, au kwa kitu kingine kinachoumiza? Kukupiga teke, kukuburuza, kukupiga sana? Kukukaba koo au kukuunguza makusudi? Kukutishia kwa kisu, panga, bunduki au silaha nyingine, au kuitumia?

Kwa kila "ndiyo" yanafuata mawili: imetokea ndani ya miezi 12 iliyopita? Mara moja, mara chache, au mara nyingi? Tofauti ya "maishani" na "miezi 12" usiipuuze. Mradi wa kuzuia ukatili hauwezi kufuta kofi la mwaka juzi, hivyo takwimu ya maishani haitashuka hata mradi ukifaulu. Cha kupima ni miezi 12 iliyopita.

Kuhusu ukatili wa kingono, taja kitendo vilevile, kwa lugha ya staha lakini iliyo wazi: amewahi kukulazimisha kwa nguvu mkutane kimwili wakati hutaki? Umewahi kukubali kwa kuogopa angekufanyia nini ukikataa? Wanawake wengi tuliolelewa kuamini kwamba mke hakatai hatutaliita jambo hilo kubakwa, lakini tukiulizwa hivyo tutajibu.

Usisahau visivyoacha alama. Kutukanwa mbele ya watu, kutishiwa kufukuzwa, kuzuiwa kwenda kwa wazazi, kupekuliwa simu, kunyang'anywa mshahara au hela ya biashara, kunyimwa matumizi kwa makusudi huku hela ipo. Hapa fanya kazi ya masikio kabla ya kuandika: kaa na wanawake wa eneo hilo, sikiliza wanavyolisema. Maneno ya Mwananyamala siyo ya Ukerewe. Jaribu dodoso lote na watu wachache wa eneo jirani, na uwaombe wakueleze kwa maneno yao kila swali wamelielewaje.

Mpangilio nao una kazi. Anza na mwanamke mwenyewe, afya yake, watoto. Ingia taratibu kwenye ndoa, na kwenye mazuri ya ndoa hiyo pia. Kabla ya sehemu nyeti weka maneno ya kuandaa: "Wawili wakiishi pamoja huwa wanapitia mazuri na mabaya. Nitakuuliza mambo ambayo wanawake wengi huyapitia. Mtu akija, nitabadilisha mazungumzo. Swali usilotaka, tunaliruka." Malizia kwa jambo la kumrudishia nguvu, kamwe usimalizie kwenye kipigo kibaya kuliko vyote.

Na kuna maswali ya kufuta kabisa. "Kwa nini ulivumilia?" "Ulifanya nini mpaka akakasirika?" "Kwa nini hukuondoka?" Hayo ni maswali ya kikao cha ukoo, na mwanamke huyu huenda ameshayajibu mara nyingi.

Hatua ya 5: Wahojaji

Wawe wanawake, wasiwe wakazi wa mtaa wanaouhoji, na waajiriwe kwa uwezo wa kusikiliza kuliko kwa cheti. Katika utafiti wa WHO mafunzo yalichukua wiki 3. Ukisikia mradi unafundisha siku mbili, jua unafundisha kubofya kishikwambi tu.

Wiki ya kwanza wafundishwe kujisikiliza wenyewe. Mhojaji anayeamini moyoni kwamba mke mkorofi anastahili kofi ataonyesha kwa nyusi tu, na anayehojiwa atafunga mlango hapohapo. Na katika timu yoyote ya wanawake, wapo walioyapitia au wanaoyapitia sasa. Waambie siku ya kwanza kuwa anayeona hawezi anaruhusiwa kutoka au kupewa kazi nyingine, bila kutoa sababu na bila kupoteza malipo ya siku alizofanya. Zoezi ninalolipa uzito kuliko yote ni la kukaa kimya: mmoja anasimulia, mwenzake anasikiliza bila kutoa pole ya haraka na bila kusema "hata mimi". Wengi huona dakika mbili ni ndefu mno.

Hatua ya 6: Faragha uani

Vitabu vinasema "hakikisha faragha". Nyumba ya kupanga ya vyumba sita yenye choo kimoja haina faragha ya kukupa, hivyo lazima uitengeneze.

Chukua hali ya kawaida kabisa. Mwanamke anachambua mchele uani. Mhojaji amekaa kwenye kigoda, ameuelekeza uso wake kwenye mlango ili aone anayekuja. Kishikwambi kiko magotini, mwanga wa kioo umepunguzwa. Watoto wenye umri zaidi ya miaka miwili wametumwa dukani au wanachezea mbali, kwa sababu mtoto wa miaka minne hurudia alichosikia mbele ya baba yake. Wamefika kwenye swali la kusukumwa. Mama mkwe anatokeza na ndoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnaendelea?"

"Tunaendelea. Na huyu mdogo alinyonya mpaka miezi mingapi, dada?"

"Huyu? Mwaka na miezi minane."

Mhojaji ameshahamia dodoso la pili, la kunyonyesha na chanjo, ambalo amekuwa nalo tangu asubuhi kwa ajili ya dakika hii. Mwanamke ameitika bila kusitasita kwa kuwa walipatana mapema. Bibi akivuta kigoda akae, mahojiano yanamalizikia kwenye chanjo, na wanapanga kukutana kliniki, kisimani, au kwenye chumba cha shule ambacho timu imeomba. Nafasi isipopatikana kabisa, dodoso hilo linaandikwa kuwa halikukamilika. Katika tafiti za kitaifa sehemu ya ukatili huachwa bila kuulizwa faragha ikikosekana, na hakuna anayeadhibiwa kwa hilo. Ukimlipa mhojaji kwa idadi ya dodoso zilizokamilika, umemlipa avunje kanuni hii. Mlipe kwa siku.

Mume akirudi ghafla, mhojaji anasalimia kwa heshima, anaendelea na chanjo, anamaliza baada ya muda wa kawaida. Akiinuka mbio, amewaacha wawili hao na swali la kujibu.

Hatua ya 7: Anapofunguka

Wengi watakuambia jambo ambalo hawajamwambia mtu. Katika nchi za utafiti ule wa WHO, kati ya asilimia 55 na 95 ya waliopigwa hawakuwahi kwenda polisi, hospitali wala shirika lolote kuomba msaada. Kwa hiyo unaweza kuwa wa kwanza, na unavyopokea ndivyo atakavyoamua kama kuna haja ya kumwambia wa pili.

WHO inafundisha wahudumu wa afya mambo matano, na mhojaji anayaweza pia: sikiliza bila kukatiza, uliza anahitaji nini, mwonyeshe kuwa unamwamini na kosa si lake, muulize kuhusu usalama wake, muunganishe na huduma. Maneno yawe mafupi. "Pole sana. Ulilofanyiwa si haki yako, hata mngekuwa mmegombana." Usimwahidi kuwa mambo yatakuwa sawa. Usimwambie aondoke. Kuondoka, au kutangaza kuondoka, ni moja ya nyakati za hatari kubwa kuliko zote, na yeye ndiye anayemjua mtu wake.

Zipo dalili zikitajwa unasimamisha dodoso na kuzungumzia usalama palepale. Kukabwa koo iko juu kabisa ya orodha, hata kama hakuna alama shingoni. Utafiti uliofanyika Marekani ukachapishwa 2008 ulikuta mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza ana uwezekano mara saba hivi zaidi wa kuja kuuawa naye. Nyingine ni vitisho vya kuua, silaha ndani ya nyumba, kupigwa akiwa mjamzito, vipigo kuongezeka siku hadi siku, na wivu wa kumfuatafuata kila aendako. Akiwa tayari, pangeni pamoja mambo madogo: jirani gani atasikia na kuja, neno gani akilituma kwa dada yake litamaanisha "njoo", vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, kitambulisho cha NIDA na nauli kidogo viwekwe kwa nani. Asiviweke chini ya godoro lake. Ugomvi ukianza, asikimbilie jikoni penye visu na moto.

Watakaouliza kama sheria inasemaje, waambie. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Ni sheria ya zamani, na inashangaza na kuumiza kuona ni wachache kiasi gani wanaijua.

Jambo la watoto lina mpaka wake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kuwa mtoto anakiukwa haki atoe taarifa serikali za mitaa. Kwa hiyo usiahidi siri isiyo na mpaka. Mweleze wakati wa kuomba ridhaa: "Yote yatabaki kwangu, isipokuwa nikijua mtoto yuko hatarini." Akijua hilo mapema, ataamua mwenyewe aseme nini.

Hatua ya 8: Taarifa, simu na wahojaji wenyewe

Majina yasiwemo kwenye dodoso; orodha ya kuunganisha namba na majina ikae mahali pengine na ifutwe kazi ikiisha. Zima alama za eneo zinazoonyesha nyumba yenyewe, maana programu nyingi za kukusanya data hurekodi ulipo bila kukuuliza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na habari za mwili na ndoa ya mtu zinahitaji ulinzi mkali zaidi. Picha za uwandani za kupamba ripoti usipige kabisa.

Ukilazimika kumpigia simu, usitume ujumbe wa maandishi. Mpigie, jitambulishe kwa lile jina pana, kisha uliza maswali ya kujibika kwa "ndiyo" na "hapana": "Uko peke yako? Ni muda mzuri?" Akipokea mwanaume, wewe ni wa utafiti wa afya unayethibitisha tarehe ya kliniki.

Wahojaji wakutane kila jioni, hata nusu saa, wayatoe waliyoyasikia. Wataota ndoto mbaya, watakosa hamu ya kula, baadhi watagombana na waume zao. Mshauri awe wao pia, si wa manusura peke yao.

Hatua ya 9: Kupima kama kinga inafanya kazi

Hapa Afrika Mashariki tuna utajiri wa tafiti, na zinafaa kusomwa kwa makini kuliko zinavyonukuliwa kwenye mabango.

SASA!, mbinu ya kuzuia ukatili iliyoanzishwa na shirika la Raising Voices la Kampala, huwatumia wanajamii wa kawaida kuzungumza na wenzao kuhusu madaraka na jinsi yanavyotumika ndani ya nyumba. Ilipimwa kwenye jamii 8 za Kampala, 4 zilizopata mradi na 4 zilizosubiri. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha vipigo vya mwaka uliopita kuwa pungufu kwa asilimia 52 kwenye jamii za mradi. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima. Lakini kwa sababu jamii zilikuwa chache, ukingo wa mashaka ulikuwa mpana mno, kiasi kwamba kihesabu haikuweza kuondolewa kabisa nafasi ya bahati tu. Hiyo haimaanishi mradi haufai. Pamoja na viashiria vingine, picha ilikuwa ya kutia moyo. Inamaanisha unapopanga wako, idadi ya jamii au vikundi ina uzito kuliko idadi ya watu. Kuhoji wanawake 1,000 kwenye mitaa miwili hakukupi nguvu unayodhani.

Mwanza, utafiti wa MAISHA ulichukua vikundi 66 vya mikopo vyenye wanawake 1,049. Nusu ya vikundi vilipata vipindi 10 vya mafunzo kuhusu jinsia, mahusiano na mawasiliano, nusu vikasubiri. Baadaye, ukatili wa kipigo au wa kingono wa mwaka uliopita ulikuwa asilimia 23 upande wa mafunzo, na 27 upande wa pili. Pengo si kubwa kwa macho, ila vikundi 66 vinaruhusu kulisema kwa ujasiri kiasi.

Rwanda ndiko kuna somo ninalolirudia kwa kila shirika. Mradi wa Indashyikirwa ulipimwa kwa sehemu mbili: mafunzo ya vipindi 21 kwa wenza, mume na mke pamoja, na kazi ya kuhamasisha jamii nzima. Mafunzo ya wenza yalipunguza ukatili kwa kiasi kikubwa hata miaka miwili baadaye. Uhamasishaji wa jamii haukuonyesha badiliko. Wangepima mradi kwa ujumla wake, wasingejua hela iende wapi. Kwa hiyo, kama mradi wako una sehemu tatu, tafuta namna ya kuzipima kila moja, au chagua moja uifanye vizuri.

Kuwa macho na jambo jingine. Mafunzo hubadilisha hata namna watu wanavyojibu. Mwanamke aliyejifunza kuwa kusukumwa ni ukatili ataanza kukusimulia alichokuwa hakisemi, na takwimu zitapanda huku vipigo vinashuka. Mume aliyefundishwa ataona aibu kukiri, na takwimu zitashuka huku vipigo viko palepale. Ndiyo sababu nyingine ya kuuliza vitendo, na ya kuuliza wanawake na wanaume kwa njia tofauti. Waliokuwa wanasubiri wapewe mafunzo utafiti ukiisha, na hilo liwe na fungu lake tangu mwanzo.

Hatua ya 10: Kurudisha matokeo

Rudi. Mitaa mingi imehojiwa na haijaona ripoti. Lakini rudi kwa mpangilio: kwanza kwa dawati, hospitali na ustawi wa jamii, wajiandae kupokea wageni zaidi, kisha kamati za kata za kupambana na ukatili, kisha mkutano wa wazi.

Kwenye mkutano usitaje takwimu za mtaa mmoja mmoja, toa za wilaya. "Asilimia 60 Mtaa wa Fulani" inawafanya wanaume wa mtaa huo watafutane na wake zao nani alisema. Maneno ya wanawake uliyoyanukuu yapitie mkono wa pili, mtu asiyekuwa kwenye timu, ayasome akitafuta alama: mke wa pili, mwalimu, mwenye kovu shavuni, aliyejifungua mapacha. Kimoja tu kinatosha kumtambulisha kwenye kijiji cha kaya 200. Kibadilishe au kiondoe, hata kama ndicho kilichoipa nukuu uzito.

Baada ya mkutano, timu isiondoke siku hiyohiyo. Mshauri abaki siku mbili tatu kwenye zahanati, kwa shughuli ya kawaida ya afya, na vikadi viwepo mezani pamoja na vya chanjo. Atakayekuja huenda asiwe miongoni mwa waliohojiwa, na asiulizwe.